Mguu wa Saba, Kiatu cha Tisa

Watu wakianza kuhadithiana aibu zao mimi huwa nanyamaza na kujifanya nakoroga chai, maana najua yangu ikitoka hakuna atakayetaka kusimulia baada yangu, lakini leo mmenibana, na hata hivyo mama ameshaisimulia kanisani mara tatu bila ruhusa yangu, kwa hivyo acheni niiseme mwenyewe: nilimwaga chai ya watu arobaini kwa mguu, nikiwa nimening'inia hewani.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza Fomu Foo, niko nyumbani Sosiot, asubuhi namsaidia mama kuchuna majani chai na jioni nakama ng'ombe, kazi ambazo si mbaya, ila nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilitaka kitu changu mwenyewe, kitu ambacho watu wangesema ni cha yule kijana. Basi kanisani kukatangazwa kwamba kituo kipya cha vijana upande wa Soin, kule chini majani chai yanakoishia na joto kuanza, kinatafuta mtu wa kufunza wanafunzi kupanda mwamba kwa kamba. Mtu mmoja tu, apewe mshahara na chumba na apelekwe mafunzo zaidi. Mimi nilikuwa nimewahi kupanda nini? Miti, na paa la kanisa siku tulipobadilisha mabati. Lakini walisema hawatafuti mtu anayejua, wanatafuta mtu asiyeogopa na anayefuata maagizo, na mimi kuogopa sikuogopa. (Hilo la maagizo mtalisikia.)

Tulianza watu tisa, tukachujwa kwa wiki nzima kwenye mawe madogomadogo, peku, hadi tukabaki wawili. Mwenzangu alikuwa Chebet, msichana wa Kaplong, mtu wa maneno machache, ambaye akipanda jiwe unafikiri anaenda tu juu kuchukua kitu alichosahau. Nilimuogopa kidogo, nasema ukweli. Siku ya mwisho ilipangwa iwe Jumamosi, tupande mwamba wenyewe mkubwa mbele ya pasta, kamati, wazazi na kila mtu aliyekuwa na nafasi, na chini ya mwamba kina mama wa kanisa wakapika chai ya maziwa kwenye sufuria kubwa ile ya harusi. Mama yangu alikuja na kitambaa chake cha ushirika wa kina mama kichwani na mandazi yamefungwa kwa gazeti.

Aliyekuwa akitufunza ni Bwana Odhiambo, mtu wa ziwani, mpole, aliyezoea milima kuliko wengi wetu tuliozaliwa juu. Asubuhi hiyo akatoa sanduku la viatu vya kupandia mwamba, vilivyotumika na wazungu kabla yetu, vyenye soli laini nyeusi isiyo na meno. Akatueleza vizuri kabisa, hata siwezi kusingizia kwamba sikusikia: mtu asivae soksi, vidole vifike mbele vikunjike kidogo, kisigino kisicheze, kikikubana mpaka ukatamani kukivua, basi hicho ndicho chako. Halafu akaongeza kwamba atakayepata kazi ataondoka na kiatu atakachochagua.

Hapo ndipo shetani aliponipata.

Ni lazima mjue nyumbani kwetu viatu vilikuwa vikinunuliwaje. Vilinunuliwa mara moja kwa mwaka, bonasi ya majani ikitoka, na kabla mama hajakubali kiatu alikuwa akibonyeza mbele kwa dole gumba, akikuta kidole chako kiko pale anakirudisha kiatu kwa mwenye duka bila hata kuuliza rangi nyingine. Kiatu kilikuwa cha kukulia. Nafasi ya dole gumba mbili, mbele unajaza karatasi, na ukikua karatasi inatoka moja moja mpaka siku ya kukiachia anayekufuata. Kwetu kiatu kinachokutosha leo kilikuwa ni hasara. Sasa mtu niliyelelewa hivyo unaniambia nichague kiatu kinachobana? Nilimwangalia Bwana Odhiambo nikajisemea, huyu anatutega. Mguu wangu ulikuwa saba. Saba ilikuwepo, nikaivaa, vidole vikalia. Kando yake ilikuwa tisa, nzuri, ya buluu, na ndugu yangu mkubwa Kibet alikuwa anavaa tisa, nikaona tayari tunavyobadilishana, mimi kwenye mwamba na yeye kwenye harusi za watu.

Nikachukua tisa. Chebet akachukua ile saba niliyoiacha.

Nilikuwa nimekuja na gambuti za shambani (nazo za kukulia, namba kumi), kwa hivyo tayari nilikuwa na soksi za mpira wa miguu mbili kwa kila mguu, ndefu, nyekundu. Nikaziacha hapohapo, nikateremsha suruali ikazifunika, na mbele nikajaza lile gazeti la mandazi baada ya kuyala, nikiligawa nusu kwa nusu. Bwana Odhiambo alipopita akaniuliza kama kinabana. Nikamwambia kinabana sana. Akainama akabonyeza mbele kwa dole gumba kama mama kabisa, akakuta pamejaa, akaniamini. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma mpaka leo kuliko chai.

Nikaomba nitangulie. Nilifungwa mkanda wa kiunoni na mapajani, kamba ikapita juu ya mwamba ikarudi kwa Bwana Odhiambo aliyeishika chini, na nikaanza kwa mbwembwe, hata nikawapungia watu mkono. Chini kabisa hakukuwa na shida. Lakini nilipofika juu ya kimo cha nyumba nikaanza kuhisi kiatu kinaelekea huku na mguu unaelekea kule, na jua la Soin lilikuwa limeyeyusha mafuta ya mandazi, kwa hivyo ndani mle mguu ulikuwa unaogelea. Mtu mwenye akili angeshuka. Mimi nikauchomeka mguu wa kulia kwenye ufa, nikaukaza, nikajisukuma kwa nguvu zangu zote, na mguu ukaja, kiatu kikabaki.

Kilibaki kidogo tu, kana kwamba kinafikiria. Halafu kikaanguka, kikagonga mwamba mara moja, kikaingia kwenye sufuria ya chai katikati kabisa, chai ikaruka, kina mama wakatawanyika wameinua sketi, sufuria ikagongwa katika mbio hizo, ikapinduka kwenye mawe yake na chai yote ikateremka ikapita chini ya meza ya kamati. Mimi nilikuwa nimeshapoteza mshiko, nikaning'inia hapo nikizunguka polepole ili kila upande unione, soksi ya juu imevutika inapepea kama mkia, na vipande vya gazeti lenye mafuta vinashuka kimoja kimoja juu ya kofia ya pasta. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bwana Odhiambo akaniteremsha, na safari ile ya kushuka ilikuwa ndefu kuliko barabara ya kurudi Sosiot.

Nilipogusa chini akaziangalia soksi. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba leo nimemdanganya kuhusu mguu wangu mwenyewe, na kesho nitapewa miguu ya watoto wa watu niiangalie. Pasta akafuta kofia, akasema nadhani tumeona ya kutosha, aitwe mwingine, na hapo nilijua kazi imeenda, wala si kwa sababu sikuweza kupanda bali kwa sababu ya kiatu.

Ndipo mama akatoka kwenye kundi la wanawake. Alikuwa ameshika kile kiatu, kinachuruzika chai, na dole gumba lake lilikuwa ndani yake.

"Pasta, msicheke yeye," akasema kwa Kiswahili chake. "Ni mimi nilimfunza kuchukua kiatu ya kukulia. Hakuna siku nilimfunza ingine."

Kicheko kikakatika. Nilitaka ardhi ipasuke, na wakati huohuo nilitaka kumkumbatia mbele ya watu wote, kitu ambacho kwetu hakifanywi na sikukifanya, na ninajuta.

Lakini pasta alikuwa ameshamwita Chebet, naye Chebet alikuwa ameinama, nikafikiri anakaza kamba za viatu. Kumbe anazifungua. Akavivua vyote viwili, akaja peku juu ya ile chai, akaniwekea mbele ya miguu.

"Vaa, upande tena," akasema.

Mmoja wa kamati akamuuliza kama anajua kwamba nafasi ni moja.

"Najua. Nikishinda mtu mwenye amevaa soksi, watu watasema nilishinda soksi."

Kamati wakaangaliana. Bwana Odhiambo akanyoosha mkono nikampa soksi zangu zote nne, akazitia mfukoni kama mwalimu aliyenyang'anya mtoto gololi. Nikavaa saba. Vidole vilikunjika, vikauma, nikatamani kuvivua, na nilipoweka ncha ya mguu kwenye kijiwe kisichozidi kidole, mguu ukakaa. Ukakaa tu. Sijawahi kusikia kitu kama hicho tangu nizaliwe, kwamba naweza kusimama mahali padogo hivyo. Nilipanda polepole, nikipapasa kila ufa kabla ya kukanyaga, bila kumpungia mtu mkono, na nikafika juu, nikaona mashamba ya chai ya kwetu yakiwa kijani huko mbali na kitambaa cha mama kikiwa kidogo huko chini, nikamsikia akiniita jina langu la utotoni.

Nikashuka, nikavua, Chebet akavivaa vikiwa bado na joto langu, akapanda. Sitawachosha. Alitumia nusu ya muda wangu na hakusita popote. Kazi akapewa yeye, na mimi nilikuwa wa kwanza kupiga makofi, na yalikuwa makofi ya kweli.

Tangu siku hiyo nimeapa sinunui kiatu bila kukivaa peku, na mtu wa duka akinishauri nichukue namba ya juu huwa naondoka. Mama alishaacha kubonyeza. Lakini ninachoshukuru zaidi ni kingine. Najijua mimi: kama Chebet angepanda tu ashinde, kama alivyokuwa na haki, hadi leo mngekuwa mmekaa hapa mkinisikiliza nikiapa kwamba kazi ile ilikuwa yangu na nilinyimwa na kiatu, na ningeamini hivyo mpaka kaburini. Nilishindwa na mtu aliyenizidi, kwa kiatu kilekile, na nikarudi Sosiot nikalala usingizi mzuri.