Doti ya Mama Niliyoitundika Ukutani

Kijapani changu ni cha kushukuru na kuomba maji, basi. Lakini mchuzi wao wa samaki mkavu niliuelewa siku ya kwanza: unanukia dagaa wa kwetu Tanga. Nilikuwa Osaka, kwenye maonyesho yangu ya kwanza ng'ambo, nimeinamia bakuli la tambi, kaka yangu akapiga simu kusema mama amefariki. Kisha akauliza, "Ile doti yake mpya iko wapi? Waoshaji wanaitafuta."

Doti ilikuwa mtaa wa pili kutoka pale nilipokuwa nakula, imetundikwa ukutani, ina taa yake peke yake.

Mwanamke wa kwetu akishakuwa mtu mzima hujiwekea kanga za siku yake, za kufunikwa wakati wa kuoshwa, pamoja na udi na marashi. Mimi, msanii mzima, nilifungua sanduku lake nikaona doti ya pamba haijakatwa wala kuvaliwa, nikasema hii imekaa bure. Mama akanitazama. "Chukua, mwanangu. Ila utanirudishia." Kwa nini hakuniambia ni ya nini, sijui. Kwa nini sikuuliza, hilo nalijua: nilikuwa na haraka ya kuwa mtu wa maana. Wakamwosha kwa kanga za kuazima kwa jirani.

Tangu siku ile, kila ukumbi nilimoitundika nilisikia harufu ya udi. Wahudumu walinusa, wakatikisa kichwa. Guangzhou, huko Uchina, ndiko ilikozidi. Hata kwenye treni ya chini ya ardhi, nikitoka chumba nilichopanga mtaa wa Sanyuanli, naisikia. Nikaenda soko la vitambaa la Zhongda na picha ya ile doti, nikidhani nikipata mfano wake nitapumua. Mwenye duka akaitazama, akasema kwa wiki moja atanitolea mita elfu tatu. Mita elfu tatu! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na hayakuwa ya kicheko.

Kesho yake mchana nikaenda mtaa wa Dengfeng kula pilau kwa dada mmoja wa Unguja mwenye mgahawa. Nikamkuta kakaa, hajawasha jiko. Mfanyabiashara mwenzao wa Dar, mwanamke, alikuwa amefariki hospitalini, na ndugu zake wamekubali azikwe hukuhuku.

"Sanda tunayo," akasema. "Kanga za kumfunika ndizo hatuna. Za madukani zote poliesta, maji yanateleza tu. Zetu zimechakaa, ni aibu kumfunikia mtu. Shoga, wewe huna ya pamba?"

Nilitaka kusema sina. Wallahi, neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

Msimamizi wa ukumbi alinikuta juu ya ngazi, nafumua kwa meno nyuzi zilizoishikilia doti. Akaandika kwenye simu yake, simu ikatafsiri: kazi hii itarudi lini? Nikamwambia hairudi. Akanitazama kama mtu aliyeibiwa, nami nikaendelea kufumua.

Chumba cha kuoshea tulikuwa wanawake watano. Bibi aliyesimamia, mfanyabiashara wa siku nyingi, akaipapasa doti, akaona bado haijakatwa.

"Ya nani hii?"

"Ya mama yangu. Alijiwekea."

"Na radhi yake?"

"Aliniambia nirudishe," nikasema.

Akaikata katikati, kipande kimoja akakiweka kando, cha pili akanipa nishike pembe mbili. Marehemu sikumjua, nilimwona vidole tu, vina hina iliyoanza kufifia. Maji yakamiminwa, pamba ikayanywa, ikawa nzito mikononi mwangu.

"Shika vizuri," bibi akaniambia. "Usimwache wazi mama wa watu."

Nikashika. Mmoja wetu akatia udi kwenye chetezo, na safari hii tuliusikia sote.