Dada Ameteleza Italia

Kwanza nilisikia kicheko.

Kicheko cha dada yangu Mahfoudha, kile cha kuvuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga chafya. Kilitoka chumbani kwa Bibi, mlango umeegeshwa, taa haijawashwa.

Tatizo ni moja tu. Mahfoudha alikuwa Italia.

Nikaingia na kiatu mkononi. Sijui nilitaka kumpiga nani, maana jini hapigwi kwa kiatu. Nikamkuta ami yangu Suud amechutama mbele ya mashine ya kanda, na Bibi Shaikha ameikodolea macho.

"Kaa, Harub," ami akasema. "Dada yako kajirikodi. Kuna msafiri kaileta kanda leo."

Hiyo ni Ramadhani ya mwaka 1970, nyumbani kwetu Matrah, huku Uarabuni. Mahfoudha alitoka Unguja kwenda kusomea uuguzi, na yale mapinduzi ya mwaka 64 yakamkuta huko huko. Sisi tukaja huku, yeye akabaki kule. Miaka sita. Kila Idi Bibi alikuwa akimpakulia sahani yake, pilau inapoa, hakuna anayeigusa.

Mwaka ule ruhusa za kusafiri zilikuwa zimeanza kutoka. Ami Suud akaapa kwamba Januari tunakwenda sote kumwona.

Kanda ikaendelea.

"Bibi, nimehamia milimani, nauguza wageni wa hoteli. Njooni Januari, vyumba rahisi, nimeshawawekea. Huku watu kazi yao kuteleza. Wakubwa, wadogo, wake kwa waume, asubuhi mpaka jioni."

Tasbihi ya Bibi ikasimama.

"Mwenyewe nilikuwa naona haya. Lakini juzi nimeteleza! Siku ya kwanza nililia, sasa nishazoea."

"Astaghfirullah," Bibi akasema.

"Mwalimu wangu Mtaliana, mpole, ananishika kiuno mpaka nitulie. Na shangazi Nasriya yuko hapa, kaja kutibiwa macho. Hataki, lakini kesho nampeleka naye akateleze."

"Nasriya!" Bibi akapiga ukelele. "Mwalimu wa Kurani! Ana wajukuu!"

"Na nyinyi mkija, inshallah, mtateleza nyote. Hata wewe, Bibi."

Bibi akaibeba mashine ikiwa bado inasema, akaitia sandukuni, akafunga. Ufunguo akaupiga fundo kwenye pembe ya leso.

"Mama, tusikilize mpaka mwisho," ami akasema.

"Mwisho wake nnaujua. Na ndani ya mwezi huu! Safari hakuna. Na jina lake lisitajwe humu ndani."

Mimi damu ikachemka. Katika ukoo wetu mtu hashikwi kiuno burebure. Nikapanda darini, nikashuka na shairi:

*Nitapanda milimani, nimkute huyo duni,*
*Niukate hadharani, mkono wa kiunoni.*

Ami Suud alisikiliza kwa heshima zote.

"Vina vimekaa," akasema. "Koti unalo?"

"La nini?"

"Huko baridi."

"Hasira zitanitia joto."

"Haya. Tunga na la pili, ujifunike."

Idi ikafika. Sahani ya Mahfoudha haikutoka kabatini. Pilau ilikuwa nzuri na hakuna aliyeisifu. Bibi alikula matonge mawili, akasema ameshiba. Baadaye nikamsikia jikoni akilifungua na kulifunga kabati lenye sahani ile.

Idi pili, teksi ikasimama nje.

Akashuka shangazi Nasriya. Buibui lake, msahafu wake kwapani, na mguu wa kulia umetiwa plasta mpaka gotini.

Bibi hakumpa mkono.

"Umeteleza?"

"Nimeteleza, mama."

"Na unasema mbele za watu!"

"Watu si wanauona mguu? Nimeteleza kutoka juu mpaka chini, nikavuka ua, nikaingia banda la ng'ombe. Na nikipona nateleza tena."

Bibi akakaa chini.

"Na huyo mwanamme?" nikauliza mimi, kifua mbele. "Huyo mshika viuno?"

"Mwanamme gani?"

"Mwalimu! Mtaliana!"

"Rosina? Yule bibi kizee? Mimi pia alinishika kiuno. Nilipomponyoka ndiyo nikaenda kwa ng'ombe."

Nikakirudisha kifua ndani.

"Mlima wote barafu," shangazi akasema polepole, kama anayefundisha alifu. "Nyeupe, laini kama unga. Watu wanavaa mbao ndefu miguuni, wanashuka nazo. Ndio mchezo wao. Kwani kanda hamkuisikiliza?"

Ami Suud akautazama ukuta.

"Mtoto anangoja jibu," shangazi akasema. "Kila siku alikuwa akiniuliza, 'Shangazi, mbona kimya? Bibi ana nini na mimi?'"

Ndugu msomaji, Kiswahili chetu kina neno moja kwa aliyepotoka na kwa anayecheza. Wala hakikwambii kama mwalimu ni dume au jike. Hapo palipobaki wazi, mwenye hasira hupajaza mwenyewe, tena kwa uchafu wa moyo wake. Sikiliza kanda mpaka mwisho, ndipo utafute vina.

Bibi hakumwomba mtu radhi. Alilifungua fundo la leso kwa meno, akaitoa mashine sandukuni.

"Iwashe irikodi," akamwambia ami Suud. "Nataka nisikike mie."

Akaisogelea mashine mpaka pua ikaigusa, akapaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde:

"Mahfoudha, mwanangu! Ni mie, bibiyo. Januari nnakuja. Kuteleza sitelezi, mifupa yangu hainipi. Lakini nitakaa chini ya huo mlima kutwa, na kila ukianguka, wallahi, utanikuta hapo hapo."