Simu ya kuigiza

Juzi, ofisi ya kilimo Kibiti, mama mmoja wa Mtawanya alinyimwa salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, na mikorosho imeshachanua! Eti programu ya kujiandikishia haifunguki kwenye simu yake ya zamani.

"Mwanangu, mliijaribu kweli?" mama akauliza.

Fundi aliyeitengeneza hiyo programu akamgeuzia kompyuta. "Tuliijaribu, bibi. Humu ndani mna simu ya kuigiza, toleo jipya kabisa."

"Ya zamani haiigiziki?"

"Inaigizika, ila kuiweka kunachosha."

Mama akakaza kanga kiunoni. "Haya, hiyo simu yako ya kuigiza ina mikorosho mingapi?"

Jamani, huku simu tunarithi kwa watoto walioko Dar, wakishazichoka. Umbea wangu unauliza tu: huyu fundi kamrithisha mamake simu gani?