Mgonjwa Niliyemzua

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka mikono hunitetemeka, na usidhani ni uzee. Uzee wangu uko magotini. Hii mikono ilianza kutetemeka nikiwa na miaka kumi na tisa, kule Makangale, zama zile Sultani bado yuko Unguja, na mpaka leo haijaacha. Jana uliniuliza swali: bibi, safari ya kwenda kutembea tu, mtu kula raha yake na kurudi, inafaa kweli kwa gharama yote ile na usumbufu wote ule? Sikukujibu. Nilijifanya nachambua mchele. Leo nitakujibu, lakini usinikatize, maana nikikatizwa nitapata kisingizio cha kunyamaza.

Nilikuwa nimeolewa, mwaka haujatimia. Mume wangu Faki, babu yako, alikuwa mvuvi na mkulima kama wenzake wote wa kule, mtu wa maneno machache. Mama yake, yaani mavyaa yangu, aliitwa Bi Mize, na alikaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mtu akiwa mbali hamtambui mpaka aseme. Lakini hakuna aliyeumwa Makangale nzima Bi Mize asifike kumtazama, na mayai yake mawili matatu kikapuni. Hiyo ndiyo iliyokuwa starehe yake. Wenzake walipenda harusi, yeye akipenda kukaa ubavuni pa mgonjwa na kumwombea dua.

Mimi nilipenda ngoma. Nilikuwa mwoga wa kila kitu, wa giza, wa radi, hata wa kuku anayeatamia, lakini zumari likilia miguu yangu haitulii. Basi jirani yangu Riziki, mwanamke aliyekwisha kuachwa na asiyejali la mtu, akaniletea habari kwamba upande wa Chwale kutakuwa na mchezo wa ng'ombe. Nilikuwa nausikia mchezo huo tangu utotoni na sijauona kwa macho yangu. Vijisenti nilikuwa navyo, vya kuchuma karafuu. Kilichokosekana ni ruhusa. Kwenda mbali namna ile, kutwa nzima, kwa ajili ya kutazama ng'ombe tu? Faki angecheka, na kicheko chake nilikiogopa kuliko kukataa kwake.

Nikazua mgonjwa. Nilikuwa na shangazi Wete, Shangazi Time, mzima kama mimi na wewe. Jioni, chakula kikiwa mbele yetu, nikamwambia Faki nimeletewa habari kwamba shangazi hajiwezi. Akaniruhusu palepale, wala hakuniuliza habari hizo kaleta nani. Bi Mize alikuwapo, na aliposikia tu akasimama.

"Basi alfajiri twende sote."

Nikamwambia, "Mama, kwa macho hayo huwezi njia ya Ngezi. Salamu zako nitazifikisha." Akakaa. Nikadhani yamekwisha.

Ukitoka Makangale kwenda Konde lazima uupite msitu wa Ngezi, na siku zile ulikuwa msitu hasa, njia imebanwa na miti pande zote mbili mpaka jua hulioni. Wakubwa walitukataza kuitana kwa majina humo ndani, kwa kuwa hujui nani mwingine ataitika. Mwendo mzima nilimshika Riziki leso kwa nyuma. Popo wakubwa walining'inia juu yetu na mimi sikuinua uso hata mara moja. Konde tukangoja gari mpaka jua likatuchoma. Gari lenyewe la mbao, tumebanwa na magunia ya muhogo, na kabla hatujafika mbali mama mmoja akanitapikia buibui. Kisha mpira ukapasuka, tukashushwa sote. Ukiuliza habari za usumbufu, mwanangu, mimi naujua, na siku ile nililipa nauli ili niupate.

Lakini sitakuficha kitu. Tulipofika, yote yale niliyasahau. Siku ile ng'ombe walitolewa mapema, kabla ya adhuhuri. Likaja dume jeusi, kubwa, limefungwa kamba ndefu, vijana wanalichezea kwa kitambaa, zumari linalichokoza, na wanawake wenye leso mpya wanaliimbia na kulisifu kama bwana harusi. Likiwakimbilia, watu wote wanaparamia miti kwa ukelele mmoja. Niliimba mpaka sauti ikanikauka. Nilicheka nikalia machozi. Kwa muda ule mfupi sikuogopa chochote duniani, na mpaka leo nikifumba macho naliona lile dume linavyokwangua ardhi. Hivyo atakayekwambia kwamba safari ya raha ni upuuzi mtupu, mwambie bibi yangu amekataa.

Nilikuwa bado nacheka nilipomwona Mzee Kombo, mtu wa kwetu Makangale, anasukuma baiskeli yake katikati ya watu. Nilitaka kujificha nyuma ya Riziki, lakini alikwisha kuniona.

"Ee, weye kuno?" akasema. "Mgonjwa kapata nafuu? Mavyaako nimempita Ngezi asubuhi, yu peke yake na kikapu chake, kenda kumtazama shangazi yako. Nikamwambia angoje mwenziwe wa njia. Hakutaka. Kaniambia atawaangaliaje watu na shangazi wa mkwewe yu taabani."

Aliitazama leso yangu mpya, akalitazama lile dume, kisha akasukuma baiskeli yake akaondoka. Zumari lilikuwa linalia na mimi silisikii. Bi Mize alikuwa amekubali usiku, na asubuhi, Faki alipokwisha kwenda pwani, moyo wake ukamkatalia kubaki. Ndivyo alivyokuwa, na mimi nilimjua hivyo, na ndiyo maana sina cha kujitetea. Kijiji kizima kile, ukitamka neno mgonjwa mtu hunyanyuka. Mimi nililitamka mbele ya Bi Mize nikategemea akae.

Nikamwambia Riziki turudi. Akanijibu nisimharibie siku yake, akageuka kutazama ng'ombe. Simlaumu, mgonjwa hakuwa wake. Nilipata lori lililokuwa linakwenda Wete, nikapanda nyuma, nikashikilia ubao kwa mikono miwili. Hapo ndipo mikono ilipoanza.

Sasa sikiliza, maana hili sijamwambia mtu. Juu ya lori lile niliomba dua. Sikuomba Bi Mize awe salama. Niliomba asifike. Nilisema, ewe Mola, apotee njia, arudi, ashindwe, lolote lile, ila asifike Wete akamkuta shangazi yangu anatwanga. Niliiona talaka mbele yangu. Nilimwona mama yangu kule Kiuyu anafungua mlango na mimi nimesimama na sanduku langu. Niliomba kwa machozi, mwanangu, kama ninavyoomba mwezi wa Ramadhani.

Shangazi Time alikuwa uani, anasuka ukili huku anaimba. Akanikaribisha kwa furaha, akataka kunipikia. Nikamuuliza, "Bi Mize kafika?" Akaniuliza Bi Mize gani. Nikamwambia mavyaa yangu. Akasema, "Hajafika ntu hapa tangu asubuhi."

Nilisimama pale uani na baridi ikanipanda miguuni, na jua la saa nane linawaka. Niliomba asifike, na hakufika. Sikumweleza shangazi kitu. Nilitoka mbio, naye ananiita nyuma yangu.

Konde niliteremka garini nikamwendea muuza duka aliye njia panda. Nikamuuliza kama amemwona bibi mmoja asiyeona vizuri, ana kikapu. Hakumwona. Watu waliokuwa barazani wakasimama, mmoja akasema twende tukamtafute, Ngezi si pahali pa mtu mzima kukaa peke yake. Unajua niliwajibu nini? Nilisema hakuna haja, huenda amekwisha kurudi nyumbani. Niliogopa wasije wakaniuliza natoka wapi. Hata hapo, na bibi wa watu yuko msituni, bado nilikuwa naificha ile leso mpya chini ya buibui.

Nikaingia Ngezi peke yangu. Alasiri ilikuwa imeshaingia. Chini ya miti ile mwanga hupungua mapema, na kila tawi likivunjika roho yangu inaruka. Nilisoma kila sura ya Kurani niliyofundishwa chuoni utotoni, nikazichanganya, nikaanza upya. Nilifika mahali njia ya wakata magogo inapoiacha njia kubwa, na pale chini nikaona yai limepasuka. Wadudu walikwisha kulijaa. Mbele kidogo, kwenye ile njia ya magogo, lingine.

Nilisimama. Nilikumbuka tulivyokatazwa kuitana humo, nikafikiri, nikiita na kikaitika kitu kingine je? Halafu nikafikiri, na nisipoita je? Nikaita kwa sauti yote iliyobaki.

"Mama! Bi Mize!"

Kimya kwanza. Kisha ikaja sauti ndogo, ya mtu aliyekaa chini. "Labeka, mwanangu. Niko kuno."

Alikuwa amekaa juu ya gogo, kikapu pajani, mguu mmoja umevimba kwenye kifundo. Alikuwa ameifuata njia siyo, kwa kuwa hakuiona ile kubwa, akaanguka shimoni palipong'olewa kisiki, akajivuta mpaka pale. Tangu asubuhi. Nilimpigia magoti, nikamshika ule mguu. Yeye akanipapasa uso kwa vidole, ahakikishe ni mimi. Nilijua ataniuliza kwa nini nimechelewa, au nimejuaje yuko pale. Neno lake la kwanza likawa hili:

"Mgonjwa yu hali gani?"

Mwanangu, mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi pale. Hakuna aliyekuwepo ila mimi na yeye. Nikasema, "Hajambo, mama. Kapata ahueni kubwa."

Akainua mikono yake miwili. "Alhamdulillahi! Nilipojua nimepotea, nikasema, basi, kama sikufika kwa miguu nitafika kwa dua. Nimekaa hapano tangu asubuhi namwombea yeye."

Nilimbeba mgongoni. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Njia nzima akawa ananiuliza, shangazi anakula? Analala? Nami namjibu, uongo juu ya uongo, kichwa chake kimelala begani kwangu. Tulitoka msituni jua halijazama. Faki alikuja mbio kutupokea, na mama yake akamweleza jinsi nilivyomwacha mgonjwa wangu nikarudi kumtafuta yeye. Faki alinisifu mbele ya watu. Alinunua kitambaa cha nguo akanizawadia, na nguo ile sikuishona.

Hakuna aliyenigundua. Mzee Kombo alinyamaza mpaka akafa, Mungu amrehemu. Shangazi alinijia baadaye akaniuliza kulikuwa na nini, nikamdanganya na yeye. Lakini ule mguu haukupona sawasawa. Kuanzia siku ile Bi Mize akawa mtu wa mkongojo na wa barazani. Akisikia fulani anaumwa alikuwa anakaa anautazama mlango, kisha ananiambia, "Nenda weye, mwanangu, nisalimie." Safari yangu moja ya kujifurahisha ilimaliza safari zake zote. Miaka mingi nilimkanda mguu ule kwa mafuta ya nazi, na kila nikimkanda alikuwa akiwahadithia wageni habari ya siku dua yake ilipokubaliwa. Mara nyingi nilifungua mdomo nimwombe radhi. Woga ukanifunga. Kisha akafa, na siku hizi naogopa jambo moja tu, kukutana naye kesho akhera akishaambiwa, aniangalie kwa macho yanayoona.

Basi jibu langu ndilo hili. Safari ya raha ina gharama na ina tabu, na mimi nasema inafaa. Nenda, mwanangu, ukaone ya watu, ukacheke, ukajisahau kidogo. Nauli inayokwenda bure ni ile ya safari uliyoionea haya kuitaja, maana utakwenda nayo hofu begani na itakula raha yote kabla yako. Nilimwona yule ng'ombe kwa muda mfupi tu, na nimeogopa maisha mazima. Ukiaga, sema kweli unakwenda wapi, unafuata nini. Wakikucheka wacha wacheke, wakikukatalia gombana nao, lia, subiri mwaka mwingine. Usimzue mgonjwa, wala msiba, wala semina. Wanaokupenda hawatakaa kitako kwa uongo wako, watanyanyuka waufuate, na hujui wataangukia wapi. Na ukikosea kama nilivyokosea mimi, omba radhi siku ileile, mtu angali anasikia.

Sikuulizi mamako umemwambia unakwenda wapi. Naona tu ulivyoinamisha kichwa tangu nilipotaja semina. Yuko jikoni, nasikia anakuna nazi. Mwendee sasa hivi kabla hajamaliza, na akikufokea mvumilie.

Kisha urudi hapa nikushike kichwa. Mungu akupe njia nyepesi na wenzako wema, akuonyeshe mazuri aliyoyaumba, akurudishe mzima na uso wa kututazama. Bi Mize hakupata nafasi ya kuniridhia mimi. Mimi wewe nimekuridhia, mwanangu, mbele ya Mungu, kwa utakalokwenda kumwambia na kwa ulilokwisha kumwambia. Inuka.