Fidla ya Baba Iliyokuwa Haiguswi

Leo mwanangu kaangusha fidla ya babu yake, nami nikacheka badala ya kugomba.

Ngoja niwaambie kwa nini.

Miaka ya tisini, pale Ifakara, padri mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao alimwachia baba fidla. Ndani yake ilibandikwa karatasi yenye jina la fundi maarufu wa Italia na mwaka wa zamani mno.

Baba akaamini ametajirika.

Akaifungia kwenye sanduku la bati. Sisi watoto marufuku kuigusa. Hata yeye, mwalimu wa kwaya mzima, hakuipiga. Alikuwa anaifuta vumbi tu.

Siku moja akaja mgeni, mwalimu wa muziki kutoka Morogoro. Baba akamkabidhi fidla kwa mikono miwili. Mama akaacha kupepeta mchele, akasogea mlangoni.

Mgeni akachungulia ndani, akaigeuza, akasema kwa upole, "Mzee, hii ni ya kiwandani. Karatasi kama hizi walibandika nyingi tu. Ila mbao zake ni nzuri. Sauti yake ikoje?"

Baba hakuwahi kuisikia.

"Afadhali," mama akasema. "Sasa itapigwa."

Baba akainama kidogo, kisha akaniita. "Njoo ushike."

Jioni ile niliikwaruza mpaka jirani akaja kuuliza kama tunachinja mbuzi.

Baba akamjibu bila kucheka, "Hapana. Binti yangu anajifunza fidla."

Haya, kwenu kilikuwa kitu gani kisichoguswa?