Jedwali la Saba Ufukweni Bangwe

Dagaa wanaoanza kushika jua wana harufu ambayo wageni huizibia pua. Mimi ikinifikia, hata niwe sokoni Mwandiga, hesabu zinajileta zenyewe: saba mara nane, hamsini na sita. Nicheke tu, ndivyo nilivyo.

Nilikuwa darasa la nne, na mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na fimbo ya mpera. Akikuita ubaoni, kwanza anaigonga mezani mara tatu, ndipo anauliza. Nikisikia ule mlio mdomo unakauka, viganja vinalowa, na jedwali lote nililokariri jana silioni tena. Akasema nina kichwa cha kuku. Mwishowe akamwita mama: nirudishwe darasa la pili, nikae na wadogo zangu.

Mama alikuja na kanga yake ya kazi, ananuka dagaa. Alimsalimia mwalimu kwa adabu zote, kisha akasema, "Huyu anazijua. Njoo Jumamosi ufukweni umsikie, ila fimbo uiache."

Nadhani ni ubishi tu uliomleta, lakini alikuja. Kwetu Bangwe dagaa hutandazwa mchangani, kisha unawageuza kwa ufagio, safu baada ya safu, na mama alinizoesha kutamka jedwali kila nikivuta ufagio. Mwalimu akasimama nyuma yangu.

"Tisa mara sita?"

Nikajibu bila kuinua kichwa. Akaja na ya saba, akaja na ya nane, akauliza mpaka jua likamchosha. Sikukosa hata moja.

"Haya, mwalimu," mama akasema, "huyo ndiye wa kurudi darasa la pili?"

Nilibaki darasa la nne. Fimbo nayo ilibaki, nisikudanganye, ila kwangu haikugongwa tena.

Leo nafundisha Katubuka. Chuoni nilisoma kwamba mtoto akiogopa, mwili humwaga homoni za kumwandaa kukimbia, na ubongo uliojaa homoni hizo hushindwa kuchomoa hata kile unachokijua vizuri. Nilisoma ukurasa ule kwa hasira. Sikuwa mjinga, nilikuwa naogopa. Kwa hiyo wenzangu wakisema watoto bila fimbo hawashiki kitu, nawajibu pale pale ofisini: darasani kwangu haiingii, mtake msitake.

Nilimpelekea mama habari hizo za homoni nikidhani namfundisha jipya. Alinisikiliza huku anapeta mchele. Kisha akaniambia kwamba yeye aliacha shule darasa la pili, maana kila alipoitwa ubaoni alisahau hata jina lake. Miaka yote hiyo nilidhani kwao walikosa ada tu. Kumbe siku ile ufukweni mama hakuwa anabahatisha. Yeye aliambiwa ni mjinga akaamini, kwa sababu hakuwa na mtu wa kwenda kumbishia mwalimu.