Ripoti Niliyoandika Kumficha Zuhura Ndiyo Inayonifukuza Kazi

Admin, jina langu baki nalo mwenyewe, na wale wa Dodoma watakaonitambua naomba wasinitaje kwenye komenti. Nina miaka 33, ni mama wa mtoto mmoja, na kwa miaka sita nimekuwa mtaalamu wa kompyuta kwenye chuo kimoja cha ufundi hapa mjini. Kompyuta zetu zote zinatumia Linux, mfumo wa bure ambao mimi ndiye niliyemshawishi mkuu wa chuo tuutumie. Kwa hiyo zikizingua, anayeitwa ni mimi.

Mwaka jana tuliletewa msaidizi, nimwite Zuhura, binti wa Kondoa. Alikuja na begi moja, hana pa kulala, nikamkaribisha kwangu miezi minne. Nilimfundisha kila kitu, hadi namna ya kuandika ripoti za dosari, yaani zile taarifa tunazowapelekea watengenezaji wa programu huko nje ili warekebishe. Ripoti hizo ziko wazi mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Hata paswedi yangu ya kazini nilimpa. Najua, msinipige mawe bado.

Mwezi uliopita nilifiwa na shangazi, nikaenda Gulwe kuzika. Kabla sijaondoka nilimwambia, "Zuhura, kuna toleo jipya la mfumo, lakini usiguse. Nikirudi tutajaribu kwenye mashine moja kwanza." Akajibu, "Sawa dada, nenda kazike kwa amani." Siku ya pili niko msibani, simu ikaita. Analia. "Dada, nimeapdeti zote! Nilitaka ukirudi ukute kazi imekwisha. Sasa vyeti vinatoka na majina nusu, na vingine nimeshawapa wenyewe."

Jamani, programu ya kuchapa iliyokuja na toleo lile ilikuwa ikifika kwenye ile alama ya juu ya ng', inaona jina limeishia hapo. Na huku kwetu ng' zimejaa tele! Kijana wa ukoo wa Ng'hambi cheti chake kikasomeka "Ng". Anayeishi Chang'ombe, kwenye anwani akaandikiwa "Chang". Siku niliyorudi, mzee mmoja wa Chamwino alikuja hadi ofisini na cheti cha mwanawe mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Huyu Ng ni nani? Mimi nimesomesha Ng'hambi."

Nilicheka kidogo kwa aibu. Yeye hakucheka. Karatasi maalumu za vyeti zilikuwa zimeshaisha, na mahafali yakaahirishwa.

Nikakaa kuandika ripoti kwa watengenezaji. Fomu yao inataka ueleze ulifanya nini, hatua kwa hatua, kabla tatizo halijatokea. Nilianza kuandika kwamba msaidizi wangu alisasisha mashine zote bila majaribio. Zuhura alikuwa pembeni yangu, akanishika mkono. "Dada, nakuomba. Bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Wakijua ni mimi, narudi Kondoa." Nikafuta. Nikaandika kwa Kiingereza kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyesasisha mashine zote kwa siku moja. Nilijiambia hao wazungu wako mbali, watanijulia wapi. Baada ya siku mbili walijibu kwamba kosa ni la programu yao, wamelirekebisha, na wananishukuru kwa kuwaambia. Nilimwonyesha Zuhura jibu lile, tukakumbatiana.

Wiki iliyofuata mkuu akaniita. Mezani kulikuwa na ripoti yangu imechapwa, ile sentensi imepakwa rangi ya njano, na chini yake imetafsiriwa kwa Kiswahili kwa peni. Mwandiko ni wa Zuhura. Mwandiko ule nauona kila siku kwenye daftari letu la kazi, siwezi kuukosea. Ukurasa wa pili, wenye jibu la watengenezaji, haukuwepo.

"Hii umeandika wewe?"

"Ndiyo baba, lakini..."

"Sijauliza lakini."

Kumbukumbu za mashine nazo zinaonyesha jina langu, kwa sababu alitumia paswedi yangu, na hata kuwa Gulwe msibani hakunitetei, maana mashine zile mtu anaweza kuziendesha hata akiwa mbali. Nikapewa barua: hadi Ijumaa nijieleze kwa maandishi kwa nini nisiachishwe kazi. Kwa sasa nafasi yangu anaikaimu Zuhura.

Nilimfuata koridoni. Nilitegemea atakana, au angalau atalia kama siku ile. Wapi! Siku hizi ananiita "madamu". Akaniambia kwa sauti ya chini, "Madamu, wewe una jina, utapata kazi popote. Mimi nani atanichukua?" Ndugu zangu! Nimelala na huyu mtu chumba kimoja, tumekula sahani moja, mwanangu anamwita mama mdogo. Juzi mwanangu kaniuliza, "Mama mdogo mbona haji siku hizi?"

Nikisema ukweli, lazima nikiri kwamba niligawa paswedi na kwamba nilidanganya kwa maandishi, na mkuu ataniuliza kwa nini aniamini leo. Kila moja kati ya hayo linatosha kunifukuzisha.

Jana nimeandika barua mbili. Moja inasema kila kitu kama kilivyotokea. Najua nikiipeleka tunaondoka wote wawili. Nyingine inakubali kosa lote ni langu, na nikiipeleka naondoka peke yangu, yeye anabaki kwenye kiti nilichomfundishia. Roho yangu inataka ya kwanza, na kila nikiishika nasikia aibu, kama vile mimi ndiye ninayemsaliti.

Niambieni bila kunitukana, nimechoka. Ijumaa nipeleke ipi?